Kiti cha Mkali

Kwanza walisikia vyura.

Ukungu ulikuwa mzito na mweupe kama tui la kwanza. Jua lilikuwa limekwisha kupanda mahali fulani juu yake, likionekana kama doa la samli. Bwanaheri hakuweza kuona hata viatu vyake mwenyewe. Lakini vyura aliwasikia. Walikuwa wengi, upande wa kushoto wa njia, wakilia pamoja kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka.

"Hebu sikiliza," alisema Kidawa. "Vyura wa huku wanatamka."

"Wanatamka nini?"

"Labda."

"Labda nini?"

"Basi, hilo ndilo neno lao. Labda, labda, labda. Tega sikio."

Bwanaheri alitega sikio, akasikia, na vinyweleo vya shingo vikamsimama. Lakini hakuwa mtu wa kukubali kuonekana ameshtuka, kwa hiyo akacheka. "Wamekaa na wasomi mno, binamu. Hata chura hana uhakika."

Kidawa alikuwa mtoto wa shangazi yake. Kwao Mtowange walikuwa wamesoma kitabu kimoja kwa zamu, mmoja akikishika asubuhi na mwenzake jioni, hadi jalada likabaki nyuzi. Kidawa alisifika kwa kichwa. Bwanaheri alisifika kwa ulimi. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alijifunza mwenyewe kwa kusimama nje ya kumbi za harusi akisikiliza washairi, akihesabu mizani kwa vidole, na kwa kuwa alihesabu akiwa amekasirika, mara nyingine vidole vilimdanganya. Sasa walikuwa wamefika nchi ya Ndaki, yenye chuo ambacho mtu akihitimu humo, wazee humwinukia. Kabla ya kuondoka walikuwa wameapiana jambo moja: waingie wote wawili, au warudi wote wawili.

Ukuta uliwatokea ghafla, na katika ukuta lango, na langoni bawabu mrefu aliyevaa joho jeusi. Bwanaheri alijikohoza. Ubeti wa siku hii alikuwa nao tayari tangu nyumbani.

"Langoni nimesimama,
moto ndani wanguruma,
sikuzaliwa kuinama,
nifungulie, bawabu!"

"Mstari wa tatu una mizani tisa," Kidawa alimnong'oneza. "Aibu gani hii, mbele ya watu."

"Ukiusoma kwa hasira ni nane."

"Hasira haimezi mizani, Bwanaheri."

Bawabu aliwaacha wamalize. "Karibuni," alisema. "Mmechagua?"

"Tumechagua kuja," alisema Bwanaheri.

"Kuja si kuchagua. Ndaki gani?"

Akawaeleza, kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Chuo ni kimoja, lakini hakuna anayeingia chuoni. Mtu huingia ndaki. Ndaki ni nyumba yenye lango lake, jiko lake, wazee wake na majivuno yake, na zimo nyingi ndani ya ukuta ule. Mtu huchagua moja, na moja ile ndiyo humsaili.

"Na masomo?" Kidawa aliuliza. "Yanatofautiana?"

"Hata kidogo. Vitabu ni vilevile, walimu ni walewale, mtihani ni uleule."

"Sasa ya nini kuchagua?"

Bawabu alimtazama kwa huruma. "Ndiyo maana lazima uchague vizuri, binti. Yangekuwa yanatofautiana, hata mjinga angejua pa kwenda."

Ndani ya lango kulikuwa na uwanja uliojaa wachaguzi. Wazee wawili wenye majoho walikuwa wamesimama juu ya mawe, wakijadiliana ni ndaki ipi yenye ukimya bora, ya Shaba au ya Mkuyu. Mmoja alisema ukimya wa Shaba ni wa zamani zaidi. Mwenziwe alijibu kwamba ukimya wa Mkuyu una kina, na kwamba yeye binafsi aliwahi kupotea ndani yake. Vijana walisikiliza vinywa wazi. Pembeni wengine walinong'onezana hesabu zao: Ndaki ya Kengele haitakiwi na mtu, kwa hiyo mwerevu aende huko, lakini werevu wameshasikia, kwa hiyo aliye mwerevu zaidi aende kwingine. Hivyo umati mzima ulikuwa ukihama kutoka lango moja hadi jingine ndani ya ukungu, kama maji yanayochezeshwa kwenye sinia, na hakuna aliyeinua sauti.

"Twende Mkuyu," alisema Kidawa.

"Kwa sababu ya ukimya?"

"Kwa sababu nasikia harufu ya mdalasini. Watu wanaotia mdalasini kwenye supu hawawezi kuwa wabaya kabisa."

Njia ya kwenda Mkuyu ilipangwa mabenchi pande zote mbili, na juu ya mabenchi walikaa walimu wa kusita. Bwanaheri hakuamini masikio yake. Mama mmoja mnene alikuwa akimfundisha kijana namna ya kutojibu. "Jibu la haraka ni la mtu mwenye shida," alimwambia. "Watoto wa humu hawana shida, ndiyo maana huchelewa. Vuta pumzi. Tazama juu, kana kwamba dari ni ya baba yako. Kisha sema, labda."

"Labda," alisema kijana.

"Laini zaidi. Umesema kama mtu wa mbali."

"Labda."

Kidawa alisimama, midomo ikimcheza. Alikuwa na kipaji cha kuiga sauti ya mtu yeyote. Kwao aliweza kumwigiza sheha hadi mkewe aitike. "Labda," alisema polepole, na mama mnene akageuka upesi, akainuka nusu na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia mkubwa wake.

"Usiseme hivyo tena," alisema Bwanaheri.

"Nilikuwa natania tu, wee!"

"Najua. Usiseme tena."

Ua wa Ndaki ya Mkuyu ulikuwa umetandwa majani mabichi, mafupi, yaliyolingana kama zulia. Bwanaheri, asiyependa kuzunguka, alitaka kukata katikati. Bawabu wa Mkuyu, ambaye walimwona ana sura ileile ya yule wa langoni, alimshika mkono.

"Majani ni ya waliotutoka."

"Waliotoka kwenda wapi?"

Bawabu alinyoosha kidole. Pale katikati, ambapo hapakuwa na mtu, majani yalilala kwa umbo la unyayo, kisha mbele yake kidogo yakalala tena, kisha tena, yakielekea ukutani bila haraka. Nyuma, nyayo za mwanzo zilikuwa zikiinuka. Kidawa alimshika Bwanaheri kiwiko, na wote wawili wakazunguka pembeni.

Usaili ulifanyika katika chumba kilichogawanywa kwa pazia zito. Wasaili walikuwa nyuma yake. Sauti moja ya upole, sauti ya mwanamke mzee, iliwakaribisha na kuwaeleza haki ya mahali pale.

"Hatuangalii sura. Hatuulizi ukoo. Tunasikiliza tu. Anayesikika kuwa wa hapa ndiye wa hapa. Haya. Nyumba ikiungua, ule moto ni wa nani?"

Kidawa alijibu bila kuvuta pumzi wala kutazama dari. Alisema inategemea anayeuliza ni mwenye nyumba au mwenye kiberiti; kisha akalipasua swali lenyewe kama mtu anayepasua fenesi, akitenga utomvu na nyama, hadi Bwanaheri, aliyekuwa amemzoea tangu utotoni, akajikuta anamsikiliza kama mgeni. Alipomaliza, nyuma ya pazia palikuwa kimya.

"Asante," ilisema sauti. "Na mwenzako?"

"Hilo ni swali la watu ambao nyumba zao haziungui!" alisema Bwanaheri. Damu ilikuwa imempanda. "Amewajibu, na hamkusema hata naam! Mnajificha nyuma ya kitambaa, mnaita haki!" Na kwa kuwa ubeti ulikuwa ungali mdomoni, akawatupia wote, na mstari wa tatu akaupiga kwa kisigino.

Nyuma ya pazia kulisikika mguno mrefu wa watu wengi, mguno wa walaji walioonja kitu walichokikosa siku nyingi.

"Mmm," ilisema sauti. "Huyu hapa."

Kidawa aliongozwa kupitia mlango wa kushoto. Bwanaheri aliongozwa kupitia wa kulia, na kwa kuwa aliambiwa watakutana mezani, akaenda.

Ukumbi wa chakula ulikuwa mrefu, na kila kiti ndani yake kilikuwa tofauti na mwenzake. Wazee na wanafunzi walikwisha kukaa. Kimoja tu kilikuwa kitupu, kiti cha mti mweusi chenye mikono mipana, na Bi Mlezi, mkuu wa ndaki, mwanamke mkongwe mwenye ile sauti ya upole, alimwonyesha akikalie.

"Tumekingoja mno kijazwe," alisema. "Nyumba bila mkali hupooza."

"Binamu yangu yuko wapi?"

"Yuko pazuri, mwanangu. Amejibu vizuri kuliko wote waliosailiwa."

"Sasa mbona simwoni?"

"Kiti cha mwerevu aliyetoka mbali kina mtu." Bi Mlezi alionyesha upande wa pili wa meza, ambapo msichana mmoja aliyekonda aliinua macho kisha akayashusha. "Tufanyeje? Tumwinue mwenzake? Hiyo haitakuwa haki."

Bwanaheri alipiga ngumi mkono wa kiti. Ngumi ilitumbukia ndani ya kishimo. Alitazama. Mti ulikuwa umelika pale, laini, kwa mapigo ya ngumi nyingi kabla ya yake, na kishimo kilimkaa sawasawa kama kikombe kinavyokaa kwenye kisahani.

"Huu ni udhalimu!" alisema, na akaona midomo ya wazee ikitembea. Walikuwa wakisema pamoja naye, bila sauti. "Mnawaita watu kutoka mbali, mnawapima kama viazi..." Midomo ilifika kwenye viazi kabla yake. Alinyamaza katikati ya neno, na ukumbi mzima, kwa wakati mmoja, ukaitika, "Naam!" na kupiga makofi. Kisha vijiko vikaanza kuteka supu.

"Uzuri ulioje," alisema Bi Mlezi akijifuta jicho. "Mkali aliyekutangulia alianza kwa kumuulizia kaka yake. Wa kabla yake, mchumba. Binamu hatujawahi kupata."

"Hao wako wapi sasa?"

Bi Mlezi alitazama dirishani. Kule nje, kwenye majani, nyayo nzito zilikuwa zikizunguka mahali pamoja, zikizunguka, zikikanyaga kwa nguvu kama za mtu anayesubiri kuitwa ili aseme jambo.

Juu ya kiti, fundi alikuwa amekwisha kupanda ngazi na kuanza kuchonga kwenye jiwe la ukuta. Bwanaheri aliinua kichwa akasoma: *sikuzaliwa kuinama*.

"Una kasoro, mstari huo," alisema Bi Mlezi kwa upendo. "Umezidi mizani. Ndiyo hasa tuliyoipenda. Mkali akishapanga mizani yake sawasawa huwa mshairi tu, na kiti cha mshairi kina mtu."

Ni lazima isemwe kwamba alikaa. Supu ilikuwa na mdalasini. Hakuwa amewahi kusikilizwa na watu wengi namna ile, wala kuona neno lake likiingia kwenye jiwe, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulipanda kama unga wa maandazi. Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Kisha ilitokea nafasi ambapo vijiko vyote vilinyamaza kwa pamoja, na kupitia dirishani, kutoka ng'ambo ya ukuta, aliwasikia vyura.

Labda. Labda. Labda.

Katikati yao mmoja alikuwa mgeni. Aliwaiga vizuri, kwa ufundi, lakini alichelewa kidogo kabla ya neno, kama mtu anayetazama dari.

Kijiko kilimponyoka. "Mmempeleka kwenye maji."

"Kwenye Bwawa," alisema Bi Mlezi. "Wote wazuri ambao hatuna viti vyao hungoja pale. Kiti kikibaki tupu ndaki yoyote, wateuzi huenda ukingoni wakasikiliza. Ni heshima. Wengine wamo humo tangu enzi za mlezi aliyenitangulia, na hawajanung'unika."

"Na mimi nikitoka hapa?"

"Hakuna sheria ya kumzuia mtu kutoka." Bi Mlezi alionekana kulifikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Haijawahi kuhitajika."

Bwanaheri aliinuka. Wazee walitabasamu, wakangoja, maana huenda hili nalo lilikuwa sehemu yake. Alipofika mlangoni bado walikuwa wakitabasamu. Nje hakuzunguka, alikata katikati ya majani, na pale penye nyayo nzito alihisi bega la baridi likigongana na bega lake, kisha likampisha.

Nje ya ukuta, Bwawa lilikuwa pana kuliko alivyodhani. Ukungu ulilala juu ya maji, na juu ya maji vilikuwapo vichwa. Havikuwa na miili. Vilikuwa vimepangwa kwa nafasi, vijana kwa wazee, vingine na kuvu ya kijani penye masikio, macho yameelekea ukingoni, vinywa vikifunguka na kufumbika.

"Kidawa!" aliita.

"Labda," vilijibu vichwa.

"Kidawa, ni mimi, Bwanaheri!"

"Labda." Na sasa hata yule aliyechelewa hakuchelewa tena.

Aliingia majini akijiandaa kuzama, maana vichwa vilikuwa usawa wa maji. Maji yalimfika mapajani tu. Alisimama pale akiangalia miguu yake, kisha vichwa, na akaelewa. Hawakuwa wamezama. Walikuwa wamepiga magoti, na wengine wamekaa juu ya visigino vyao.

Alipita baina yao akiangalia nyuso, na nyuso hazikumtazama. Ukungu ulimfunga. Aliita hadi koo likakauka, na kila alipoita, neno lilelile lilimrudia kutoka pande zote. Mwisho, kwa kuwa hakubaki na kitu kingine, alitoa kile alichokuwa nacho.

"Langoni nimesimama," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "moto ndani wanguruma, sikuzaliwa kuinama..."

"Tisa."

Aligeuka upesi.

"Hizo ni tisa," ilisema sauti upande wa kulia, kavu, yenye kuudhika, sauti ya kwao kabisa. "Mara ngapi nikwambie? Sema *sikuzawa kuinama*. Nane, kamili, na maana haijapotea. Lakini wewe huambiliki."

Alimkuta baina ya mzee mwenye kuvu na msichana aliyefumba macho. Maji yalimfika kidevuni.

"Inuka," alisema Bwanaheri.

"Siwezi. Anayesimama, sauti yake hupita juu ya ukungu, hawamsikii. Wamesema huenda kiti kikapatikana. Labda..." Alijiziba mdomo kwa mkono uliolowa. Kisha akauondoa. "Wewe wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Kwa lipi?"

Bwanaheri aliangalia pembeni. "Kwa mstari wa tatu."

"Ule wa tisa?"

"Ule wa tisa."

Kidawa alicheka. Kicheko chake kilipasuka juu ya maji, na vichwa vya karibu viligeuka kwa mara ya kwanza. Halafu kikakatika. "Rudi ukale supu yao. Ina mdalasini?"

"Ina."

"Nilijua. Haya, nenda."

"Nimeshatoka. Tuliapiana, Kidawa. Inuka twende nyumbani, na tukifika nitatunga utenzi mzima, beti mia, watu wajue jinsi tulivyowakataa hawa! Tulivyosimama mbele yao tukawaambia..."

Kidawa alishuka hadi maji yakamgusa mdomo wa chini.

"Ndiyo maana sitoki," alisema. "Wewe umekataa. Mimi nimekataliwa. Nilijibu kwa akili yangu yote, na hawakunichukua. Ukitunga utenzi wako nitakuwa binamu aliyemfuata Mkali, kila harusi, mpaka kufa kwangu. Hicho nacho ni kiti, Bwanaheri. Tofauti yake na hapa ni nini?"

Bwanaheri alifungua kinywa. Maji yalitulia. Kwa mbali, ndani ya ukungu, ukumbi wa Mkuyu uliitika, "Naam!" na kupiga makofi, ingawa hapakuwa na mtu kitini.

Aliinama. Aliinama hadi magoti yakagusa tope, na uso wake ukawa usawa wa uso wa Kidawa, na akamnyooshea mikono yote miwili.

Kidawa aliitazama mikono ile. Akaishika, lakini hakuinuka bado. "Sema kwa sauti," alisema. "Hawa nao wasikie."

Bwawa lote lilikuwa limenyamaza. Hapakuwa na labda hata moja.

"Nakuahidi, Kidawa," alisema Bwanaheri, na hakupaza kwa hasira ila kwa kusikika, "sitasema tuliwakataa. Watakaponiuliza nyumbani, na hata wasiponiuliza, nitasema ulijibu vizuri kuliko wote na hawakukuchukua, na mimi walinichukua kwa ajili ya kosa ulilonionyesha langoni, nikakataa kulisahihisha."